Kachumbari Inayoanza Usiku

Watu wengi husema kachumbari haipikwi, hukatwa tu. Ni kweli kwa ile ya kando ya pilau au nyama ya kuchoma: kitunguu, nyanya, pilipili, ndimu, chumvi, basi. Lakini ukiitia kunde na ndengu ikawa chakula kamili cha mchana, mambo hubadilika. Sasa una mbegu kavu inayodai usiku mzima na mboga mbichi isiyovumilia hata saa moja, na ni juu ya mpishi kuzifikisha sahanini kwa wakati mmoja. Mjini Garissa, ambako joto la mchana hupita nyuzi 35 miezi mingi ya mwaka, na friji ya kibandani ni anasa, kazi hiyo ni ufundi. Nimeutazama mara nyingi nikiwa kwenye benchi la mama mmoja auzaye chakula karibu na soko, na bado sijachoka kuutazama.

Vijana wa bodaboda humwita eeddo, yaani shangazi. Walimu na makarani waliotoka bara humwita mama. Huitikia yote mawili bila kuinua macho.

Kazi huanza baada ya Isha. Kunde humwagwa kwenye sinia pana la bati, si kwenye ungo, kwa sababu juu ya bati jiwe hulia. Hulitikisa sinia mara moja, husikiliza, kisha vidole huanza kupita. Mbegu yenye tundu dogo la duara hutolewa, maana mdudu ameshakula akatoka. Iliyokunjamana hutolewa pia, kwa kuwa itabaki ngumu wenzake wakishaiva, na katika kachumbari hakuna mchuzi wa kuificha. Hapo ndipo tofauti ya kwanza na maharagwe ya kuunga ilipo. Kwenye sufuria ya mchuzi mbegu moja mbaya hupotea. Kwenye kachumbari kila mbegu huonekana na kila moja huumwa peke yake.

Kuhusu aina ya mbegu ana msimamo, na nadhani yuko sahihi. Maharagwe yenyewe, yale ya rosekoko na wairimu, hulimwa mbali na hapa, kwenye ardhi za juu zenye baridi, na mengine huvuka mpaka kutoka Uganda na Tanzania. Yakifika Garissa yameshalipiwa nauli ndefu. Ndengu ziko karibu zaidi: barabara kutoka Nairobi hupita Thika, Matuu na Mwingi kabla ya kufika hapa, na Mwingi pamoja na sehemu kubwa ya Kitui ni nchi ya ndengu. Zile za kijani kibichi zinazong'aa, ambazo wafanyabiashara huziita nailoni, hupanda lori pale na kushuka Garissa siku hiyohiyo. Kunde ziko karibu kuliko zote. Hulimwa na Wamunyoyaya, Wamalakote na Wapokomo kwenye kingo za mto Tana, siku hizi pamoja na Wasomali waliogeukia mashamba ya pampu. Kwa hiyo mtu anayetaka kachumbari ya bei nafuu mjini humu huanza na kunde, huongeza ndengu, na maharagwe huyatia kwa ajili ya rangi mfuko ukiruhusu. Anayeanza na maharagwe kwa sababu ameona mapishi yakisema hivyo atalipa zaidi na wala hatashiba zaidi.

Kuna pia zile njegere za njano zilizopasuliwa ambazo kwa miaka mingi zimekuwa sehemu ya mgao wa chakula katika kambi za Dadaab, kiasi cha kilomita mia moja kutoka hapa, kambi zilizoanza kufunguliwa mwaka 1991. Ni chakula kizuri cha supu. Kwa kachumbari hazifai hata kidogo, kwa sababu hazina ganda la kuzishika: ukigeuza mgongo zimeshakuwa uji.

Swali lake la kwanza kwa muuzaji si bei. Huuliza gunia lilifunguliwa lini. Mbegu ya jamii ya kunde ikikaa miezi mingi kwenye ghala lenye joto na unyevu hubadilika ndani kwa ndani. Kuta za chembe zake hukazana, na hata uichemshe nusu siku kiini hubaki kigumu. Ghala la mabati mjini Garissa ni mahali pazuri mno pa kuharibu maharagwe bila mtu kujua. Hayaozi, hayanuki, huonekana mazima kabisa, ila makaa yako yatakwisha kabla hayajaiva. Ndiyo maana hununua gorogoro moja moja kutoka duka lenye wateja wengi, hata kama duka tulivu la jirani linapunguza bei. Mauzo ya haraka ndiyo dhamana ya mbegu changa.

Kisha maji. Hapa ndipo watu wa bara hushangaa, maana kwao maji ni maji. Visima vingi vya kaskazini mashariki hutoa maji ya chumvichumvi, yaliyojaa kalisiamu na magnesiamu, na madini hayo hushikana na ule utomvu unaounganisha chembe za mbegu na kuzuia zisilainike. Loweka kunde katika maji ya namna hiyo, chemsha katika maji hayohayo, utatafuna changarawe. Maji ya Tana ni mepesi, ingawa ni mekundu kwa udongo. Huyaacha kwenye mtungi yatulie, huchota ya juu polepole, na humo hutia chumvi ya kawaida kidogo. Wengi waliambiwa na mama zao kwamba chumvi hugumisha maharagwe. Chumvi ya mezani haifanyi hivyo. Ikiwa ndani ya maji ya kuloweka hulegeza ganda, kwa sababu sodiamu huchukua nafasi ya sehemu ya ile kalisiamu, na ganda lililolegea hunyumbuka badala ya kupasuka. Kwa kachumbari hilo ni jambo kubwa kuliko hata ladha.

Magadi hayagusi. Mpishi wa githeri huyatumia kuokoa kuni, na githeri haidhuriki. Hapa magadi yangezipasua kunde, yangezipa utelezi, na yangeacha ladha ya sabuni ambayo ndimu haiwezi kuifuta.

Usiku wa Garissa wenyewe una joto. Mapishi mengi yameandikiwa nchi za baridi, yakisema loweka saa 12. Ukifanya hivyo hapa, alfajiri utakuta povu juu ya maji na harufu ya uchachu. Yeye hulala na kuamka na mbegu zake. Huloweka saa nne usiku, hubadilisha maji anapoamka kwa Alfajiri, na saa moja asubuhi tayari zimo jikoni. Ndengu hazilowekwi kabisa. Ni mbegu ndogo, huiva ndani ya dakika thelathini na ushee, na zikilowekwa kwenye joto hili huanza kutaka kuota.

Kila mbegu hupata sufuria yake. Maharagwe mekundu yangezipaka ndengu rangi ya tope, na kunde zina muda wake. Kwa maharagwe, siku anapokuwa nayo, ana sheria asiyoivunja: maji ya kuloweka humwagwa, na sufuria mpya hupewa moto mkali mpaka itokote kwa nguvu, dakika kumi kamili au zaidi, kabla ya kuitoa motoni. Hiyo si desturi tu. Maharagwe mekundu mabichi yana lektini, sumu ya asili inayoweza kumtapisha mtu kwa mbegu chache tu. Mtokoto wa kweli huiua. Moto wa uvuguvugu, chini ya nyuzi 80, hauiui, na pengine huizidisha makali.

Baada ya mtokoto huo sufuria hutoka motoni ikiwa imefunikwa na kuingia kwenye kapu. Kapu ni la kawaida, limejazwa matambara na majani makavu ya mgomba, na juu hufunikwa kwa blanketi kuukuu lililokunjwa mara kadhaa. Humo ndani mbegu huendelea kuiva kwa joto lake zenyewe, bila kaa hata moja. Ukitaka kujua gharama ya kweli ya chakula cha mbegu kavu mjini, usitazame bei ya gorogoro, tazama bei ya makaa. Nimeona familia zikiacha maharagwe na kununua mkate kwa sababu hiyo tu. Kapu hulirudishia harage sifa yake ya kuwa chakula cha mwenye senti chache. Faida ya pili ni kwamba ndani ya kapu maji hayachemki, hivyo mbegu hazigongani, na ganda hubaki zima.

Kujua kwamba zimeiva ni kazi ya ulimi. Huchota mbegu tatu kwenye kijiko na kuzipuliza. Ganda likikunjamana kwa pumzi, zimekaribia. Kisha huibana moja kati ya ulimi na kaakaa bila kutumia meno. Ikisagika polepole bila chembe za mchanga, basi. Hujaribu tatu kwa sababu moja inaweza kukudanganya. Zikiwa tayari humimina kwenye chujio, na yale maji yenye unene huyahifadhi kwa mchuzi wa jioni.

Jambo ambalo nililipenda kuliko yote hutokea sasa, na huchukua dakika mbili tu. Mbegu zikiwa bado zinatoa mvuke huzigeuza kwenye karai na kuzimwagia ndimu, chumvi, binzari nyembamba iliyokaangwa kavu na kutwangwa, na mafuta ya simsim kidogo sana, ya kuzing'arisha tu. Mbegu ya moto hunywa. Mbegu iliyopoa hupakwa nje tu, na ladha yote hubaki chini ya bakuli. Wala ndimu haiwezi kutangulia, maana uchachu ukiingia mapema huzuia mbegu kulainika, na nyanya hufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana mpishi mwenye haraka anayetupa kila kitu sufuriani pamoja hungoja mchana kutwa. Uchachu una mlango mmoja wa kuingilia, nao hufunguka mbegu ikishaiva na kabla haijapoa.

Hata ndimu yenyewe ina adabu yake. Huiviringisha ubaoni kwa kiganja mpaka ilegee, huikata kwa upana, huikamua mara moja na kuiacha. Anayeifinya mpaka ganda ligeuke nje hupata matone matatu zaidi pamoja na uchungu wa mafuta ya ganda.

Mbegu sasa hufunikwa kwa kitambaa na kuachwa kivulini zipoe. Mpaka hapo ni saa nne na nusu asubuhi, na hakuna mboga hata moja iliyoguswa na kisu.

Mboga za mji huu si haba, ingawa mgeni anayeiona nchi kavu kutoka dirisha la basi hawezi kuamini. Ukanda wa Tana ni mwembamba na wa kijani: ndizi, maembe, mapapai, tikiti, ndimu, nyanya, kunde za majani. Vitunguu na kabeji aghalabu hutoka nje, pamoja na karoti. Yeye hununua kwa fungu, na huchagua kwa kazi, si kwa sura. Nyanya ngumu zenye nyama ni za kachumbari. Zilizolegea huuzwa kwa bei ya kutupa, naye huzichukua pia, lakini hizo ni za sufuria ya jioni. Tango huonja ncha kwanza, kwa kuwa lililokosa maji shambani huwa chungu, na uchungu huanzia kwenye kikonyo.

Kitunguu ndicho kinachopata heshima yote. Hukipasua katikati kutoka kikonyo hadi mzizi, hukilaza, hukikata nyuzi nyembamba kwa kisu alichokinoa asubuhi. Kisu butu hakikati, husaga, na kitunguu kilichosagwa ndicho kinachowasha macho na kuacha pumzi mbaya hadi Alasiri. Nyuzi hizo hunyunyiziwa chumvi, husuguliwa kwa ncha za vidole mpaka zilegee na kutoa maji ya zambarau, kisha husuuzwa kwa maji baridi na kukamuliwa. Ukali wa kitunguu hutokana na kemikali za salfa zinazozaliwa chembe zinapokatwa, na nyingi huondoka na yale maji. Kinachobaki ni utamu na mkwaruzo wa meno. Mtu mwenye pupa huruka hatua hii, kisha hulaumu kitunguu.

Nyanya huzitoa mbegu na maji kwa kidole gumba. Katika nchi ya baridi pengine ni kujisumbua, ila hapa kachumbari yenye maji ya nyanya huwa supu kabla mteja hajanawa mikono. Kabeji huikata nyembamba kabisa na kuifinyanga kwa chumvi kidogo, kwa kuwa ndiyo mboga ya bei rahisi inayojaza sahani bila kuonekana kama ni ya kujaza. Karoti hukwaruzwa, na hoho hukatwa vipande vya ukubwa wa ndengu. Hapo niliuliza kwa nini, akanionyesha kijiko. Kila kijiko kibebe kila kitu. Kipande kikiwa kikubwa kuliko mbegu huliwa peke yake, na mtu husema amekula hoho.

Dania huja mwisho, pamoja na vikonyo vyake vichanga vilivyokatwakatwa, maana huko ndiko harufu ilikojaa. Pilipili kali huwekwa kando kwenye kibakuli, imesagwa na ndimu na saumu, ile Wasomali waiitayo bisbaas, kila mtu ajipakulie kwa kadiri ya uhodari wake.

Kuchanganya hufanyika watu wanapotoka kuswali Adhuhuri, si kabla. Kwa joto la hapa mbegu zilizopikwa zikishachanganywa na mboga mbichi, zikikaa wazi zaidi ya saa moja huanza kuwa hatari, na chumvi huanza kuzinyong'onyeza mboga kabla hata ya hapo. Kwa hiyo huchanganya karai dogo, huuza, huchanganya jingine. Mkono huingia chini na kupandisha juu, mara nne au tano, kisha huacha. Nimeona wapishi wakikoroga mpaka ndengu zipasuke, na kazi yote ya usiku ikawa ya bure.

Wazee waliokulia nyuma ya ngamia wana utani wao kuhusu chakula hiki. Majani ni ya mbuzi, husema, na mbuzi ni wa mtu. Mji una mojawapo ya masoko makubwa ya mifugo Afrika Mashariki, kwa hiyo utani una mizizi. Lakini wazee haohao hula ambuulo, mbegu nyekundu zilizochemshwa kwa saa nyingi na kumwagiwa mafuta ya simsim na sukari, na hawajawahi kuita hiyo chakula cha mbuzi. Mbegu hazikuwa ngeni hapa, ugeni ulikuwa wa ubichi wa mboga. Tena ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua iliyofuatana bila kuleta mvua ya maana, ulipunguza mizaha mingi. Mwenye wanyama waliobaki wachache huwauza, hawachinji kwa ajili ya chakula cha mchana.

Nami naona sahani hii haihitaji kutetewa kwa umaskini. Mbegu hizi zina protini kiasi cha robo ya uzito wake zikiwa kavu, na zina madini ya chuma, ingawa chuma cha mimea mwili hukipokea kwa shida. Vitamini C ya ndimu, nyanya na hoho mbichi hurahisisha mapokezi hayo. Chai ya rangi, ambayo hapa hufuata kila mlo, huyazuia. Mama huyu hajasoma hayo popote, lakini kwake chai haiji mpaka sahani ziondolewe na kuoshwa. Sababu anayoitoa ni kwamba ana majiko mawili tu.

Kachumbari hii huliwa na wali, au na anjera iliyobaki ya asubuhi, na ndizi mbivu pembeni, kwa kuwa mezani hapa ndizi hukaa na chakula cha chumvi bila aibu. Mgeni husita mara ya kwanza. Utamu wa ndizi juu ya ndimu na binzari una maana yake, na mara ya pili hasiti. Mbegu zisizochanganywa na mboga hurudi jikoni kabla ya Alasiri, hutiwa zile nyanya zilizolegea na yale maji mazito ya asubuhi, na kufikia Magharibi ni mchuzi.

Ufundi wa kweli niliuona mambo yalipoharibika. Mnamo Novemba 2023 mvua za El Niño ziliijaza Tana, mashamba ya kingoni yakazama, na maji yakaikata barabara ng'ambo ya mto, upande wa Madogo, pale Mororo. Malori ya mboga yakakwama huko. Kabeji ikatoweka, karoti ikatoweka, na fungu la nyanya likawa na bei ya kuchekesha. Nilidhani kibanda kitafungwa au kitauza wali mkavu. Kunde na ndengu alikuwa nazo, vitunguu vilikuwepo vichache. Maembe mabichi yaliyokuwa yamedondoshwa na upepo yalikuwa yakiuzwa kwa ndoo. Aliyamenya, akayakata nyuzi nyembamba kwa kipimo kilekile cha kitunguu, akayasugua kwa chumvi na kuyakamua, kisha akapunguza ndimu kwa nusu kwa kuwa embe lilileta uchachu wake. Mafuta ya simsim akayaongeza kidogo ili yaubebe ukali huo. Karai lilikwisha mapema kuliko kawaida. Wateja walioulizia nyanya aliwaambia ziko, ila ziko Madogo, na anayezitaka aogelee.